Kuondoa Vifuko vya Maji Juu ya Jicho kwa Leza: Mambo ya Kujua Kabla ya Tiba

Kivimbe kidogo kinachong'aa kama tone la maji kinapojitokeza kwenye weupe wa jicho, mwenye jicho huwa na maswali mawili: hiki ni kitu gani, na kitaondolewaje? Kwa kuwa habari za leza zimeenea, wapo wagonjwa wanaofika kliniki wakiwa wamekwisha kulijibu swali la pili kabla ya la kwanza. Wanataka "kuchomwa kwa mwanga", wapone bila kisu na warudi nyumbani siku hiyohiyo. Makala haya yanaeleza vifuko hivyo hutokana na nini, leza huviondoa kwa njia gani, na kwa nini ni lazima swali la kwanza lipate jibu kabla ya mashine kuwashwa.

Kifuko cha maji ni nini?

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba, laini na unaopitisha mwanga, uitwao kitaalamu konjaktiva. Utando huo huanzia ukingoni mwa kioo cha jicho, hutanda juu ya sehemu nyeupe, kisha hukunja na kufunika upande wa ndani wa kope. Baadhi ya seli zake hutoa ute unaolainisha jicho, na ndani yake mna vitezi vidogo vinavyosaidia kutengeneza machozi.

Kifuko cha maji, ambacho wataalamu hukiita sisti, hutokea kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni pale seli za juu ya utando zinaposukumwa na kunaswa chini yake. Seli hizo hazifi. Huendelea kuzaana, hujipanga na kuwa ukuta wa kifuko, nao ute na majimaji zinayoyatoa hukosa pa kwenda, yakabaki ndani. Njia ya pili ni kuziba kwa mlango wa kitezi kidogo cha machozi, hata majimaji yake yakajikusanya.

Mambo yanayoweza kunasa seli namna hiyo ni mengi. Mojawapo ni jeraha, kama vile mkwaruzo wa ukucha au kijiti cha shambani. Jingine ni upasuaji wa awali, uwe wa makengeza, wa kinyama cha jicho au wa mtoto wa jicho. Uvimbe wa muda mrefu, kama ule wa mzio mkali wa macho kwa watoto au wa trakoma, nao huweza kuacha vifuko. Baadhi ya watu huzaliwa navyo, na kwa wengine sababu haionekani.

Vifuko vingi havina madhara. Vilivyo vidogo huweza kukaa miaka mingi bila kumsumbua mtu, na vingine hunywea vyenyewe. Kinapokua, mgonjwa huhisi kama ana mchanga jichoni, jicho huwa jekundu au hutoa machozi, na kope hukikwaruza kila anapopepesa. Kikiwa karibu na kioo cha jicho, huzuia machozi yasitandae vizuri, na ukingo wa kioo hukauka hata ukafanya kishimo. Kwa wengine shida kubwa ni sura: mtu huchoka kuulizwa kila siku jicho lake lina nini. Hiyo nayo ni sababu ya haki ya kutafuta tiba.

Si kila lengelenge ni kifuko cha maji

Yapo magonjwa na hali nyingine zinazoweza kufanana na kifuko cha maji kwa mtu anayetazama kwa haraka. Baadhi yake hazipaswi kabisa kuguswa kwa leza kabla ya uchunguzi kukamilika.

La kwanza ni saratani ya uso wa jicho. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu huonekana zaidi kuliko katika nchi nyingi za kaskazini mwa dunia, na huwapata hata watu wenye umri mdogo. Unahusishwa na miale ya jua ya urujuanimno, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI (VVU) na virusi vya papiloma. Kwa kawaida huanzia ukingoni mwa kioo cha jicho, katika sehemu iliyo wazi kati ya kope mbili. Huwa ni kinyama kigumu kiasi, chenye mishipa minene inayokilisha, na pengine chenye utando mweupe juu yake unaofanana na magamba. Hata hivyo, katika hatua za mwanzo sura yake haitoshi kumhakikishia mtu lolote. Jibu la uhakika hutoka maabara ya patholojia, ambako kipande kilichokatwa huchunguzwa kwa hadubini. Ugonjwa huu ukitambuliwa mapema hutibika vizuri: utafiti uliofanyika nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba matone ya dawa ya fluorourasili baada ya upasuaji hupunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa ugonjwa kurudi.

La pili ni doa la rangi ya kahawia au nyeusi juu ya weupe wa jicho. Madoa hayo mara nyingi hayana hatari, na ndani yake huweza kuwamo vifuko vidogo vya maji. Lakini doa lililobadilika, lililokua au lililoanza kutoka damu kwa mtu mzima huweza kuwa saratani ya seli za rangi. Kupasua vile vifuko kwa leza na kuliacha doa ni kumtuliza mgonjwa bila kumtibu.

La tatu ni alama ya tiba nyingine. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa presha ya macho huwa na kilengelenge chini ya kope ya juu. Kilengelenge hicho kiliwekwa na daktari kwa makusudi, kwani ndiyo njia ya kupitishia maji yanayozidi ndani ya jicho. Kukitoboa au kukichoma kwa leza kama kifuko cha kawaida huweza kushusha mno shinikizo la jicho na kufungua mlango kwa vijidudu kuingia ndani. Hali hiyo huweza kulipofusha jicho lililokwisha kuokolewa.

La nne ni jeraha lililotoboa ukuta wa jicho. Kivimbe chenye weusi ndani yake kilichotokea baada ya kuumia huenda ni tishu ya ndani ya jicho inayochungulia nje. Hiyo ni dharura.

La tano ni lava wa tegu ya nguruwe, anayeweza kupatikana katika maeneo ambako nguruwe huachwa wakizurura na vyoo ni haba. Kifuko chake huweza kuonekana chini ya utando wa jicho, pengine kikiwa na nukta nyeupe ndani yake, ambayo ni kichwa cha mdudu. Kikipasuka, yaliyomo husababisha uvimbe mkali. Aidha, mgonjwa huyo huweza kuwa na vifuko vingine kwenye ubongo, hivyo anahitaji uchunguzi wa mwili mzima kabla ya dawa yoyote ya minyoo.

Uchunguzi

Uchunguzi mzuri huanza kwa masikio. Kivimbe kilianza lini? Kinakua? Kiliwahi kupasuka na kurudi? Mgonjwa aliwahi kuumia jicho au kupasuliwa, na upasuaji huo ulikuwa wa nini? Anajua hali yake ya maambukizi ya VVU? Swali hili la mwisho huulizwa faraghani na kwa heshima, na mgonjwa huelezwa sababu yake.

Kinachofuata ni kutazama. Tochi ikimulikwa kutoka ubavuni, kifuko cha maji safi hupitisha mwanga, ilhali kinyama kigumu huuzuia. Baada ya kutia matone ya ganzi, daktari hukisukuma taratibu kwa kijiti cha pamba: kifuko cha kawaida huteleza pamoja na utando, na kilichoshikamana na tishu za chini hutia shaka. Kwa darubini ya macho yenye mwanga mwembamba, daktari bingwa huona ukuta wa kifuko, mishipa yake na yaliyomo. Kipimo cha ukubwa na picha huhifadhiwa kwenye jalada ili mabadiliko yajulikane baadaye.

Kifuko kidogo kisichosumbua huachwa kikifuatiliwa, na mgonjwa hupewa machozi ya bandia endapo jicho linakwaruza. Kutotibu kisichohitaji kutibiwa ni sehemu ya utabibu.

Kwa nini kutoboa hakutoshi

Kifuko kikitobolewa kwa sindano safi, maji hutoka na uvimbe hushuka papo hapo. Mgonjwa hufurahi. Baada ya majuma au miezi kadhaa, kivimbe hurudi palepale. Sababu ni kwamba maji yametoka lakini ukuta umebaki, na ukuta ndio unaoyatoa maji. Tundu la sindano hujiziba, nazo seli huendelea na kazi yake.

Kwa hiyo tiba yoyote ya kifuko, iwe ya kisu, dawa au leza, hupimwa kwa swali moja: ukuta umefanywa nini? Upasuaji wa kawaida hujibu kwa kuutoa wote. Daktari hutia ganzi, hufungua utando kwa mkasi mdogo chini ya darubini, kisha hukitenga kifuko taratibu ili kitoke kizima. Kazi hiyo huhitaji mkono mtulivu, kwani ukuta ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukipasuka katikati ya kazi, kifuko hunywea na mipaka yake hupotea machoni pa daktari. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hutia kwanza rangi ya buluu ndani ya kifuko ili ukuta uonekane.

Leza hufanyaje kazi?

Leza ya kwanza iliwashwa nchini Marekani mwaka 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman, na madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa matabibu wa mwanzo kuitumia. Mwale wa leza ni mwanga wa rangi moja unaosafiri kwa mwelekeo mmoja, hivyo nguvu zake huweza kukusanywa mahali padogo sana. Matokeo yake kwenye tishu hutegemea rangi ya mwanga, muda wake na kitu kinachoufyonza. Kwa vifuko vya jicho, leza za aina tatu zimetumiwa, na kila moja huushughulikia ukuta kwa namna yake.

Aina ya kwanza ni leza ya kijani, ambayo katika kliniki za macho hutumiwa hasa kutibu madhara ya kisukari kwenye retina. Mwanga wake hufyonzwa na rangi na damu, kisha hugeuka joto. Hapo ndipo ilipo shida, kwa sababu kifuko cha maji hakina rangi na mwanga hukipita tu. Baadhi ya madaktari hupaka juu yake wino wa kalamu ya upasuaji ili mwanga upate kitu cha kuufyonza. Ukuta huchomwa kwa alama nyingi ndogondogo, hubadilika kuwa mweupe, husinyaa na kugandamana na tishu iliyo chini.

Aina ya pili huitwa YAG. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kufungua utando unaotia ukungu nyuma ya lenzi ya bandia, baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwale wake wa nanomita 1064 hauonekani kwa macho, nao hudumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde moja. Haukati kwa joto, bali hufanya mlipuko mdogo mno unaotoboa ukuta. Maji hutoka, na pengine damu kidogo huvuja. Ni njia ya haraka. Lakini ukuta ukitobolewa tu bila kuharibiwa kwa upana wa kutosha, jambo lililoelezwa kuhusu sindano hurudi vilevile.

Aina ya tatu ni leza ya kaboni dayoksaidi, yenye mawimbi ya nanomita 10,600. Nishati yake hufyonzwa na maji yaliyomo katika tishu, hivyo huweza kukata kama kisu huku ikiziba mishipa midogo ya damu. Kwa leza hii daktari huweza kufungua utando, kukitenga kifuko na kukitoa, au kuugeuza ukuta kuwa mvuke. Njia ya kukitoa ina faida moja kubwa: kilichotolewa huweza kupelekwa maabara.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kisu humwachia mwanapatholojia kitu cha kusoma. Leza inayochoma au kugeuza tishu kuwa mvuke haimwachii kitu. Ikiwa kilichochomwa kilikuwa kifuko cha kawaida, hakuna kilichopotea. Ikiwa kilikuwa mwanzo wa saratani, jicho huonekana limepona kwa miezi kadhaa huku seli zilizobaki zikienea chini ya kovu, na ushahidi wa mwanzo hauwezi kupatikana tena. Kwa sababu hiyo, penye shaka hata ndogo, hukatwa sampuli kwanza. Leza ya kuchoma hubaki kwa vifuko ambavyo uchunguzi haukuacha shaka juu yake.

Siku ya tiba

Kabla ya tiba mgonjwa huelezwa njia itakayotumika, faida zake, uwezekano wa kifuko kurudi na njia mbadala, kisha hutoa ridhaa yake kwa maandishi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda humjulisha daktari, wala hazikatizi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tiba ya leza ya kijani au ya YAG hufanyika mgonjwa akiwa ameketi, kidevu chake kikiegemea darubini. Hutiwa matone ya ganzi na huombwa atazame mahali pamoja bila kutikisika. Huona mimweko, huweza kusikia mlio mdogo na kuhisi mchomo hafifu. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua dakika chache. Mwale huelekezwa mbali na kioo cha jicho na mbali na mboni.

Leza ya kaboni dayoksaidi hutumiwa katika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelala. Mbali na matone, huchomwa sindano ndogo ya ganzi chini ya utando. Jicho huwekewa kinga ya chuma juu ya kioo chake, tishu za kando hufunikwa kwa shashi iliyolowa, na moshi hunyonywa kwa mashine. Oksijeni karibu na uso hudhibitiwa kwa uangalifu kwa sababu huchochea moto. Kila aliyemo chumbani huvaa miwani ya kinga inayolingana na aina ya leza inayotumika. Watoto wadogo ambao hawawezi kutulia huhitaji usingizi wa dawa, vyovyote iwavyo njia itakayochaguliwa.

Baada ya tiba jicho huwa jekundu, na damu iliyovuja chini ya utando huweza kulifanya lionekane la kutisha. Kwa kawaida damu hiyo hufyonzwa ndani ya majuma mawili au matatu bila kudhuru uoni. Mgonjwa hupewa matone ya kuzuia vijidudu na ya kupunguza uvimbe. Yale yenye steroidi hutumiwa kwa siku zilizoandikwa tu. Kuyanunua tena dukani na kuyaendeleza bila kupimwa huweza kupandisha presha ya macho kimyakimya hadi uoni upotee.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, uoni kufifia au mwanga kuumiza jicho ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Leza au kisu?

Tafiti kuhusu leza kwa vifuko hivi nyingi ni za wagonjwa wachache wachache. Zinaonyesha kwamba inaweza kufanya kazi, kwamba damu hutoka kidogo na kwamba jicho hupona upesi. Bado hazijaishusha nafasi ya upasuaji wa kukitoa kifuko kizima, ambao ndio kipimo cha tiba nyingine zote. Leza huweza kuacha kovu, kusinyaza utando kupita kiasi, au kuacha sehemu ya ukuta ikaanzisha kifuko kipya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mgonjwa anayeambiwa kwamba kifuko chake kinafaa kutolewa kwa kisu hajapewa tiba ya daraja la chini, wala hana sababu ya kukopa fedha asafiri mbali kuitafuta mashine.

Kwa mtumishi wa zahanati au kituo cha afya, mambo ya kutenda ni machache na yako ndani ya uwezo wake: kuuliza historia ya jeraha na upasuaji, kumulika kwa tochi, kupima uoni wa kila jicho na kuandika majibu. Asitoboe. Kivimbe kilicho ukingoni mwa kioo cha jicho, kigumu, chenye mishipa minene, chenye weusi au magamba, kinachokua, au kilicho kwa mtu anayeishi na VVU, kipelekwe kwa daktari wa macho bila kusubiri miezi. Penye historia ya kuumia na weusi ndani ya kivimbe, jicho lifunikwe kwa kinga ngumu isiyoligandamiza, na rufaa iwe ya siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa, ombi ni kuliacha jicho lilivyo hadi lionwe na mtaalamu: asilitumbue kwa sindano wala mwiba, asitie maji ya majani wala maziwa. Akifika kliniki, ayaulize maswali mawili kwa mpangilio wake. La kwanza: "Daktari, una hakika hiki ni kifuko cha maji, na kama hakuna hakika, sampuli itapelekwa maabara?" La pili: "Ukuta wake utaondolewaje?" Akiisha kupata majibu hayo, kuchagua kati ya leza na kisu huwa jambo jepesi.